Mama Amesema Atakuja Nasi Mikumi

Palma, Jumapili. Rasharasha tangu alfajiri, mvua ile isiyomlowesha mtu lakini haimpi nafasi ya kuanika nguo.

Helikopta hazijaruka leo. Siku nyingine hupita juu ya paa letu kwenda kwenye meli za kuchimba gesi huko baharini, na watoto wa jirani hutoka mbio kuzipungia mkono. Leo mji umenyamaza, nami nimenyamaza. Niko hivi tangu jana jioni tuliporudi kutoka Nhica.

Nina jambo la kuandika na sijui niliingie kwa mlango gani. Nitaanza na safari, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikiiandika hapa wiki zote hizi.

Julai, shule zikifungwa, mimi na mume wangu Momade tunakwenda Mikumi kutazama wanyama. Hatujawahi kusafiri pamoja kwa kujifurahisha tu. Tumesafiri kwenda misibani, tumesafiri kwenda hospitali, tumesafiri kwenda harusini kwao Mocímboa. Mwaka jana Momade alipata kazi ya udereva kwa watu wa utafiti wa gesi, wale wanaopita porini wakiipima ardhi, na wageni anaowaendesha walimwonyesha picha za tembo walizopiga upande wa Tanzania. Alirudi nyumbani hatulii. Amezaliwa mkoa huu huu, amekulia pwani, na tembo hajawahi kumwona kwa macho yake. Akasema haiwezekani mtu atoke Ulaya aje amjue mnyama wa kwetu kuliko yeye.

Basi nikaanza kupanga. Napenda kupanga. Tutavuka mto Rovuma pale Namoto kuingia Tanzania, tutalala kwa mama mkubwa Mtwara, tutapanda basi la Dar es Salaam, kisha la Morogoro. Nimeambiwa barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, hata abiria wa basi huwaona tembo wakila majani kando ya lami. Nimeambiwa Julai majani yanakuwa yamekauka, na wanyama wanakusanyika penye maji. Nimesoma jinsi jike mkubwa anavyouongoza ukoo wake, anavyokumbuka mabwawa ya miaka ya ukame, na jinsi askari wa hifadhi wanavyolala porini kuwalinda. Nafundisha sayansi sekondari, kwa hiyo mengine nimeyapeleka darasani, na wanafunzi wameyapenda.

Lakini mama sikumwambia.

Baba yangu aliuawa na ndovu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, na sisi tulikuwa tumerudi kijijini kwetu Nhica kutoka Mtwara, tulikokimbilia. Baba alitoka asubuhi kwenda mtoni kutazama mitego yake ya samaki, akakutana na ndovu njiani. Hakumfukuza wala hakumrushia jiwe. Watu walisema siku yake ilikuwa imefika, nasi watoto tukaambiwa hivyo hivyo. Mama alipotoka eda alituhamishia hapa Palma kwa ndugu zake. Nikakua nikimwona ndovu kama radi: anapiga anapopiga, na hakuna wa kumwuliza kwa nini.

Kwa mama, tembo ni pombe ya mnazi. Mnyama ni ndovu, na jina hilo nyumbani kwetu halitamkwi. Watu wakija kumsimulia habari za machamba, maana mashamba huku tunayaita hivyo, wakikaribia habari za ndovu hukohoa na kugeuza maneno.

Mtu mmoja tu ndiye aliyelitamka mbele yake. Baba mdogo Saidi, mdogo wake baba, aliyebaki Nhica.

Lazima nimweleze baba mdogo kwanza, la sivyo ya jana hayataeleweka. Tulipohamia Palma hakutuacha. Kila mavuno alikuja na baiskeli, gunia la mahindi nyuma, amelowa jasho hadi kwenye kofia. Sare yangu ya kwanza ya sekondari aliinunua yeye. Alinipakia kwenye baiskeli ile ile hadi mlangoni mwa shule, akasimama kule nje akinitazama nikiingia, na nilipogeuka alikuwa bado amesimama. Siku ya ndoa yangu yeye ndiye aliyekuwa walii. Mkono wake ndio uliomshika mkono Momade.

Watu huniuliza kama namkumbuka baba. Namkumbuka kidogo sana. Nikifumba macho nimtafute baba, mara nyingi anayekuja ni baba mdogo.

Alhamisi alimpigia mama simu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye tukichambua mchele, na simu aliiweka sauti ya juu kwa sababu masikio yake hayamsaidii vizuri. Baba mdogo akasema ndovu wameingia Nhica. Mahindi yalikuwa yanaanza kukomaa, na kwa safari mbili tu walizokuja, machamba yake hayana tena kitu. Ya majirani yako vile vile. Kisha akasema wamefika wageni wawili na bunduki kubwa, watu wa mbali, wanatafuta mtu wa kuwaonyesha mahali ndovu wanapokunywa maji. Wao wanataka pembe, alisema, na sisi tunataka amani. Njia ya huko anaijua yeye kuliko wote, na kijiji kizima kinamtazama yeye.

"Lakini shemeji, wewe ndiye mwenye msiba," akasema. "Ukisema ndiyo, nitawapeleka."

Mama alikaa na ungo mapajani. Akasema jambo hilo halijibiwi kwenye simu, na kwamba atakuja mwenyewe.

Mama hajawahi kulala Nhica tangu tulipohama. Jumamosi asubuhi Momade akaazima gari la rafiki yake, na mama akapanda mbele, amevaa baibui jipya kana kwamba anakwenda kutoa pole.

Barabara ilikuwa matope. Katika safari nzima hakusema zaidi ya kumwambia Momade apunguze mwendo.

Baba mdogo alitupokea njiani na kutupeleka moja kwa moja machamba, kabla hata ya kutukaribisha nyumbani. Alitaka tuone. Mahindi yalikuwa yamelala chini yote upande mmoja, mabua yametafunwa na kutemwa. Dungu, kile kibanda cha juu anachokaa kulindia, kilikuwa kimevunjwa miguu na kulala kifudifudi. Mihogo ya mke wake ilikuwa imeng'olewa, na mingine haikuliwa hata kidogo, imeachwa juu ya udongo ikinyauka. Nyayo zilikuwa zimejaa maji ya mvua, na ndani ya unyayo mmoja vyura wadogo walikuwa wanaogelea.

Alikuwa anaonyesha kwa fimbo, huku na huku, na sauti yake ilikuwa inakatika. "Huku nilitegemea kula hadi mwakani," alisema. "Huku nilitegemea mbegu."

Nitasema ukweli hapa, maana nisiposema hapa nitausema wapi. Nilisimama katika matope yale nikaionea aibu safari yangu. Mimi nilikuwa nimekaa Palma nikisoma jinsi jike mkubwa anavyowapenda watoto wake, na baba mdogo alikuwa hapa, amekesha akipiga madebe. Na yale ya baba nayo yakapanda. Nilitaka wageni wale wapelekwe. Nilitaka wafe wote, hadi wa mwisho.

Sikusema, lakini nilitaka.

Tukaenda nyumbani. Mke wa baba mdogo alikuwa amekwenda mtoni, kwa hiyo tulibaki wanne: mama, baba mdogo, Momade na mimi. Tulikaa ndani kwenye mkeka kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Momade alijisogeza karibu na mlango, kama mkwe anavyopaswa.

Mama akauliza, "Hao wageni wako wapi?"

"Nyumba ya pili. Wanasubiri neno."

"Neno langu."

"Neno lako, shemeji. Kisasi ni chako. Mimi nitakuwa miguu tu."

Mama aliitazama mikono yake. Halafu akauliza jambo ambalo sikulielewa.

"Unalikumbuka gobole la kaka yangu?"

Baba mdogo alikuwa anachokonoa tope kwenye ncha ya fimbo. Mkono ukasimama.

Mama hakupandisha sauti. Alisema polepole, kama mtu anayehesabu shanga za tasbihi. Alisema alipotoka eda, kaka yake alimjia na kumweleza kwamba wiki ile kabla ya msiba, Saidi alikuja kuazima gobole la kulindia mahindi, na alilirudisha baada ya siku mbili bila kusema kitu. Lakini gobole lilikuwa limepigwa. Kaka yake akaogopa, akanyamaza, hadi alipoona hawezi kunyamaza tena. Na wale wanaume waliomfuata ndovu hadi wakamuua, nao walisimulia walichokikuta. Bega la ndovu yule lilikuwa limeoza. Ndani yake mlikuwa na vipande vya chuma, vile vinavyoshindiliwa kwenye gobole.

"Alikuwa na kidonda kinachotoa usaha," mama alisema. "Hawezi kulala, hawezi kufuatana na wenzake. Mume wangu akakutana naye katika hali hiyo."

Mvua ilikuwa inapiga paa la makuti. Nilimtazama Momade naye akanitazama. Baba mdogo hakumtazama mtu yeyote.

"Nilipiga kumtisha tu," akasema mwishowe. "Magharibi ilikuwa imeingia, nikaona kivuli kwenye mahindi. Alikimbia. Nikasema nimemkosa."

"Najua."

"Asubuhi niliona damu kwenye jani moja. Jani moja tu, shemeji. Nikasema itakuwa amejikwaruza."

"Najua, Saidi."

"Umejua miaka yote hii."

"Tangu nilipotoka eda."

"Na mahindi niliyokuwa nakuletea ulikuwa unayapokea."

"Nilikuwa nayapokea. Watoto walikuwa na njaa. Na wewe ulikuwa na haja ya kuyaleta."

Pale baba mdogo akajifunika uso kwa kofia yake. Sikuwahi kumwona mwanamume wa ukoo wetu akilia, na sikujua nitazame wapi. Nikatazama ukuta. Kwenye ukuta kulikuwa na picha ya harusi yangu.

Alipoweza kusema aliuliza kwa nini mama hakusema. Mama akajibu kwamba watoto wake walikuwa wamebakiwa na baba mmoja, na yeye hakuwa na nguvu ya kumzika na huyo.

Kisha akakaa sawasawa, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayepanga shughuli.

"Sasa unaniuliza juu ya kisasi. Mimi na ndovu hatuna kisasi. Hao wageni wakipiga hawatawamaliza. Watachukua wenye pembe, na waliobaki watabaki na risasi mwilini. Watakuwa wanazunguka hapa hapa. Mke wako yuko mtoni sasa hivi, na wajukuu zako wanachota maji kwa njia ile ile. Mimi silisemi hili kwa kuwapenda ndovu. Nalisema kwa sababu nimekwisha kuwa mjane wa kidonda, na sitaki mwingine awe."

Baba mdogo akauliza watu watakula nini.

Mama akasema hilo hana jibu lake lote. Akasema amesikia kwamba kwingine wanapanda pilipili kuzunguka machamba, na wanachoma kavu iliyochanganywa na mavi ya ndovu, na moshi wake ndovu hawaupendi.

"Pilipili haitoshi, shemeji."

"Haitoshi. Nitakuletea miche hata hivyo."

Baba mdogo akainuka na kutoka mvuani bila kofia. Tulidhani ameshindwa kukaa nasi. Momade akachungulia mlangoni akasema anakwenda nyumba ya pili. Alikaa huko muda. Tulisikia sauti za wanaume, moja ikiwa kali, lakini si yake. Aliporudi alikuwa amelowa chapachapa. Alisema amewaambia hatawapeleka, wala hakuna wa ukoo wake atakayewapeleka. Mmoja wao amemwuliza kama anajua anazungumza na nani. Amemjibu kwamba anajua, na kwamba anatoka hapo anakwenda kwa mkuu wa kijiji kumweleza habari zao.

Akaenda kweli. Tulimwona akipita na fimbo yake, amepinda mgongo kidogo. Wakati wa kuaga alikuwa hajarudi, na labda ilikuwa afadhali hivyo.

Wakati wa kurudi mvua ilikata. Tulifika mahali ambapo barabara inakatwa na njia ya watu wa utafiti, ile waliyoifyeka imenyooka kama uzi kutoka upeo hadi upeo. Momade aliposhusha mwendo avuke, mama akamgusa mkono.

Walikuwa kwenye njia ile, upande wa kushoto, si mbali. Kwanza niliona rangi tu, kama udongo uliosimama. Halafu masikio. Jike mkubwa alikuwa mbele, na nyuma yake wengine, na wadogo wawili katikati yao. Sikuwahesabu. Momade alizima gari, lakini walikuwa wamekwisha kusikia. Jike mkubwa aliinua mkonga, akageuka, na kundi zima likaingia porini mbio, likisukumana. Mdogo mmoja alijikwaa kwenye kisiki cha mti uliofyekwa, akaanguka kwa magoti, na mwingine mkubwa akamsukuma kwa kichwa hadi akainuka. Matawi yalivunjika kwa muda. Kisha kukatulia, na tukabaki tunaitazama njia tupu.

Hao ndio tembo wa kwanza wa Momade. Migongo inayokimbia.

Hakufurahi. Alikaa na mikono kwenye usukani. "Waliofyeka hii njia niliwaleta mimi," akasema. "Walisema ni ya kupimia ardhi tu. Sasa mtu yeyote mwenye pikipiki na bunduki anapita."

Kazi hiyo ndiyo inayotulisha, na ndiyo itakayotupeleka Mikumi. Na huko Afungi, pwani karibu na hapa Palma, watu wanasikia kwamba watahamishwa kupisha mitambo ya gesi, na hakuna anayewaambia lini wala wapi.

Mama alikuwa bado anatazama porini.

"Huko mnakokwenda Julai, nako wanakimbia hivi?"

Nilishtuka. Nikamwuliza nani amemwambia. Akasema mkwe wake hajui kuficha jambo, tangu mwezi uliopita anamwuliza habari za nauli za mabasi ya Tanzania.

Nikamweleza yote. Nilimwambia kwamba kule gari likipita tembo wanaendelea kula, kwa sababu wamelindwa muda mrefu hadi wamejua gari si kifo. Nilimwambia kuna watu ambao kazi yao ni kuwalinda tu, na wengine wao wameuawa katika kazi hiyo. Nilimwambia hata kule hawako salama miaka hii, pembe zinatafutwa kila mahali, lakini wapo bado, na mtu anaweza kuwaona wamesimama. Nilikuwa nasema haraka, kama ninayejitetea.

Mama akanisikiliza hadi mwisho.

"Basi nitakuja nanyi," akasema. "Miaka yote nikifumba macho namwona yule mmoja, na yule sikumwona. Nataka kumwona mmoja aliyetulia."

Tukarudi Palma. Hayo ndiyo ya jana.

Leo baba mdogo alipiga simu adhuhuri. Hakunipigia mimi, alimpigia Momade. Wageni wameondoka alfajiri kwa pikipiki, wameelekea bara. Mkuu wa kijiji ameahidi kutoa taarifa wilayani, na wanaume wa Nhica wamekubaliana kwamba hakuna atakayeonyesha njia. Hapo nilishusha pumzi, halafu nikakumbuka kwamba bara nako kuna vijiji, na kila kijiji kina mahindi yaliyolala chini na mtu mwenye hasira anayeijua njia. Hatujaokoa kitu kikubwa. Labda tumeokoa mto mmoja, msimu mmoja.

Halafu nikamsikia Momade akisema, "Yupo." Akanitazama. Nikatikisa kichwa. Akamwambia nimelala.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimesimama mbele yake na kitambaa cha vyombo mkononi.

Tangu hapo sijatulia. Nina hasira na baba mdogo kwa jani lile moja lenye damu, alilolitazama asubuhi ile akanyamaza. Angesema, wanaume wangemfuata ndovu yule mapema, au angalau baba angechukua njia nyingine. Nina hasira na mama pia, ingawa naona aibu kuiandika. Amekaa na jambo hili miaka yote, ananisuka nywele, ananipikia, anamwacha Saidi awe walii wangu siku ya harusi, na alijua. Na hapo hapo najua kwamba kama angesema nilipokuwa na miaka kumi na moja, nisingepanda baiskeli ile. Nani angenifikisha shuleni?

Sijui mtu anafanyaje na vitu viwili vya namna hii katika kifua kimoja.

Alasiri nilikwenda uani kwa mama. Alikuwa amechuchumaa chini ya upenu, anatoa mbegu kwenye pilipili kichaa zilizokauka, amejifunga kitambaa puani. Ameanza tayari. Nikakaa naye, nikachukua pilipili na mimi. Baada ya muda macho yalitutoka machozi sote wawili, na ilikuwa rahisi kuuliza.

Nilimwuliza alimsamehe lini.

Mama alimaliza ile aliyoishika, akapangusa vidole kwenye nguo.

"Iko miaka nilimsamehe, iko miaka sikumsamehe," akasema. "Mahindi niliyapokea miaka yote."

Nilirudi ndani nikanawa mikono mara nyingi, na bado inawasha hadi sasa ninapoandika. Kisha nikachukua simu nikampigia.

Aliipokea mara moja, kama alikuwa ameishika mkononi. Hakusema halo wala nani. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake sauti ya mke wake akiwaita kuku.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema.

Alichelewa kuitika. Alichelewa sana, hata nikatazama kama simu imekatika.

"Marahaba, mwanangu."

Akaniuliza kama Palma kunanyesha. Nikasema kunanyesha kidogo. Akasema kwao pia, na kwamba wameanza kulisimamisha dungu upya, na mihogo iliyong'olewa wamerudishia udongo, huenda mingine ikashika. Nikasema inshallah. Ya jana hakuyagusa, nami sikuyagusa. Tulipoagana nilikuwa na swali mdomoni, nikashindwa kulitoa, kwa sababu kwenye simu mtu anaweza kulijibu swali la namna ile ili kumfurahisha tu aliye upande wa pili.

Mama anasema miche itakuwa tayari kuhamishwa baada ya wiki kadhaa. Nitaipeleka Nhica mimi mwenyewe. Nitakaa naye kwenye mkeka ule, nimtazame usoni, na nikiona bado naweza kumwita baba, nitamwuliza lile swali, kama atakuja nasi Julai, aone na yeye ndovu mmoja aliyesimama.

Nikiona siwezi, nitapanda pilipili na kurudi, na nitakwenda tena.